Maiti ya Mkaratusi

Nilifunika ubao kwa shuka jeupe. Hilo ni kosa la kijinga, lakini la kusameheka. Yeyote mwenye ubao mzuri na mvua juu yake angeweza kulifanya. Kosa lenyewe ni lililofuata: watu walipoanza kuvua kofia njiani, nikanyamaza.

Kila ninapoeleza habari za siku ile, hatokosekana mtu wa kusema haikuwa hivyo. Kwa hiyo naandika. Ukiandika hakuna wa kukukatiza, isipokuwa mke, naye kwa sasa yuko shambani anachimba viazi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu. Nikifika tu kwenye barabara kubwa naanza kujiuliza kama nimefunga mlango wa banda. Nilimaliza kidato cha nne, nikatunza stoo ya mbegu Lushoto mjini kwa miaka kadhaa, na siku stoo ilipofungwa nilirudi nyumbani na furaha ambayo ilibidi niifiche, maana watu walikuwa wanakuja kunipa pole. Tangu hapo nalima kabichi kidogo, karoti kidogo, na muda unaobaki, ambao ndio mwingi, nachonga vitu: vigoda, mizinga ya nyuki, fremu za madirisha. Si fundi wa kutafutwa. Ni fundi wa kupatikana, kwa sababu nipo.

Miaka yote hiyo nilikuwa nachongea juu ya meza ya chakula. Mke wangu alivumilia vumbi, akavumilia alama za msumeno. Siku moja akanikuta nimeigongomelea fremu ya dirisha juu ya meza hiyo kwa misumari minne, ili isicheze. Hakupiga kelele. Alipakua, akaweka sahani yangu katikati ya fremu, mahali pa kioo.

"Kula, baba," alisema. "Leo una dirisha."

Nikaelewa kwamba nahitaji meza yangu mwenyewe.

Ya kwanza niliiunga kwa mabaki ya msonobari, kwa siku mbili. Ilikuwa nzuri kuitazama. Lakini ukisukuma randa juu yake, inatembea. Nilianza kulainisha ubao karibu na dirisha nikamaliza karibu na mlango. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akasimama.

"Inakwenda wapi?"

"Bado haijatulia."

"Basi ikifika Gare ituletee ndizi."

Hapo ndipo nilipoamua kutengeneza meza ya kweli: ndefu, pana, nzito, ya kupigwa nyundo kutwa nzima isijibu kitu.

Mahali nilikuwa napo. Banda la mbuzi lilikuwa tupu. Mbuzi tulishawauza, harufu ndiyo iliyokosa mnunuzi. Nikapanua dirisha, nikashindilia sakafu ya udongo kwa gogo, nikaweka pima maji chini. Kijipovu kilikimbilia upande wa Magamba, kikakataa kurudi. Sikushangaa. Huku kwetu tumechimba vijukwaa ubavuni mwa mlima tukaviita viwanja, na kila kitu cha mviringo ndani ya nyumba, kiwe kitunguu au kifuniko cha sufuria, mwisho wake ni ukuta wa bondeni. Nikaamua kurefusha miguu miwili ya upande wa bondeni kwa inchi moja na nusu, nisibishane na mlima.

Miguu ilitoka kwenye mkaratusi wangu mwenyewe, niliokuwa nimeupasua na kuukausha chini ya upenu mwaka mzima na zaidi. Mkaratusi mbichi ni mti wenye hasira. Ukiuharakisha, asubuhi unaukuta umejikunja kama mtu mwenye msokoto wa tumbo. Kila mguu ulikuwa inchi nne kwa nne. Nilitoboa matundu kwa patasi, nikachonga ndimi kwenye ncha za boriti za kuunganishia, nikazipenyeza humo na kuzikaza kwa kabari. Msumari hata mmoja sikutia. Urefu niliupima kwa mwili: simama, legeza mikono, uso wa meza ukutane na kifundo cha mkono. Ukishuka chini ya hapo, kila jioni mgongo utakuletea malalamiko.

Kazi hiyo ingechukua wiki mbili. Ilichukua sita, kwa sababu ndimi za boriti ya kwanza nilizichonga nyembamba, zikawa zinacheza ndani ya tundu kama jino la bibi, nikachonga boriti nyingine, nayo nikaikata fupi. Ya tatu ndiyo iliyokubali. Fremu ilipokamilika ilifanana na mnyama aliyesimama bila mgongo. Kilichobaki ni uso wa meza.

Mpasua mbao mmoja wa Malindi, ile ya huku kwetu milimani, si ya pwani, alikuwa nao. Ulikuwa ubao mmoja usio na kiungo, wa mkaratusi mzee, urefu futi saba, upana futi mbili na nusu, unene inchi tatu, umelala bandani kwake miaka mitatu, mkavu kabisa. Nilimuuliza kwa nini haujapata mtu.

"Wanaupenda," alisema. "Halafu wanajaribu kuunyanyua."

Tukaelewana. Gari la mizigo lingeufikisha barabarani. Lakini kutoka barabarani hadi kwangu ni njia ya miguu: unashuka bonde, unavuka kijito, unapanda tena, na mikono mitupu ni mwendo wa saa nzima. Ubao ule ulitaka watu wanne chini yake na wengine wanne wa kuwapokea. Na mimi sikuwa na watu.

Hili linahitaji maelezo. Kwetu kazi ya namna hiyo huendi kutafuta vibarua. Unawapitia majirani, unasema Jumamosi nina kazi kidogo, nao wanakuja, kwa sababu na wewe ulikwenda kwao. Mimi nilikuwa siendi. Penye harusi nilituma mchele. Penye msiba nilimtuma mke wangu na unga, pamoja na habari za kifua changu. Kifua changu kinajulikana kuliko mimi. Kimetoa udhuru kwenye mazishi ya Walutheri, ya Wakatoliki na ya Waislamu bila ubaguzi wowote.

"Siku yako," mke wangu alikuwa akiniambia, "tutakuzika mimi na kuku."

Hayo yote pengine yangepita. Lisilopita ni la jirani yetu wa juu. Uwanja wao umekaa juu ya paa langu. Mama wa pale akimwaga maji, najua alikuwa anaosha nini. Mwaka juzi mumewe alifariki. Kwenye mazishi yale nilikwenda, na nataka hilo lijulikane. Nilisimama penye ua wao kwa muda wa nyimbo mbili. Katika wimbo wa tatu nikakumbuka kwamba nimepaka kiti gundi, na kwamba gundi ile ikikauka kabla hujakaza viungo, kiti kimeharibika. Nikateremka kimyakimya. Jeneza lilipokuwa linashushwa, mimi nilikuwa nimeinama uani kwangu nazungusha kamba kwenye miguu ya kiti.

Jioni yake mjane alimwuliza mke wangu swali moja tu: "Kiti kimeshika?"

Tangu siku hiyo nikimwamkia, "Shikamoo, mama," ananijibu "Marahaba" na kuishia hapo. Zamani marahaba yake ilikuwa inafuatwa na habari za kijiji kizima, pamoja na za watu ambao mimi sikuwajua. Sikujua kwamba ningezikosa habari zile. Mara kadhaa nilifika chini ya ngazi ya udongo iendayo kwake, nikiwa na maneno tayari kichwani, nikageuka kwenda kutazama kabichi.

Basi nilipohitaji mabega, nilipekua kijiji chote kichwani nikamwona mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke, ambaye hajui kukataa. Yeye akaleta rafiki zake watatu kutoka Mgwashi. Walikuwa na sifa moja kubwa. Hawakuwa wamewahi kunisikia.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa umeshuka, na mvua nyembamba, ile isiyolowesha nguo bali inayolowesha roho. Turubai nililokuwa nimeliandaa nililiacha limefunika maharage nyumbani. Niliposhtuka nilikuwa Malindi, naona matone yanatua juu ya ubao uliokauka miaka mitatu. Mke wa mpasua mbao alinionea huruma akanipa shuka lake la zamani.

"Ulirudishe likiwa jeupe," alisema.

Tulipofika barabarani tukaulaza ubao juu ya miti miwili mirefu, tukaufunika kwa shuka, tukaukaza kwa kamba za mgomba. Nilikuwa pia na jiliwa jipya la chuma, lile la kubania mbao pembeni mwa meza, na lilikuwa zito kulibeba mkononi. Nikaliweka juu ya ubao, kwenye ncha moja, chini ya shuka. Likasimama pale limeinua kitambaa. Shemeji alilitazama kwa muda.

"Shemeji," alisema, "hiki kitu kina miguu."

Nikamwambia mvua inaongezeka, tuondoke.

Wao wanne walitangulia na mzigo. Mimi nilifuata nyuma, nimevaa koti la mvua na kofia yake hadi kwenye nyusi, nimeinamisha kichwa kwa sababu ya utelezi. Leo naelewa kwamba nilifanana sana na mfiwa.

Wa kwanza tuliokutana nao walikuwa wanawake watatu wanaokwenda sokoni. Walipotuona waliingia shambani kutupisha, wakatua mizigo, wakajifunga khanga vizuri. Mmoja alisema, "Poleni." Nikadhani anatuhurumia kwa uzito. Nikajibu, "Asante, mama."

Wa pili alikuwa mwanaume mwenye tenga la kabichi kichwani. Alilitua kando ya njia, akavua kofia, akaitia mfukoni, na bila neno akaingiza bega lake chini ya mti mahali pa mmoja wa wale wa Mgwashi, ambaye alikuwa ameanza kuhema kwa sauti. Huku maiti ikipita hatuulizi kwanza ni nani wala dini gani. Unatia bega, unatembea hatua zako, maswali baadaye. Kuuliza kwanza ni kama kupima kama anastahili.

Baada ya kona mbili ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, "Mnatoka naye wapi?"

"Malindi," akajibu mtu wa Mgwashi.

"Poleni sana."

"Tushapoa."

Hakuna neno la uongo katika mazungumzo hayo. Nimeyachunguza mara nyingi.

Nilielewa pale. Nataka kusema kweli: nilielewa pale pale, kwenye kofia. Na nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini niliona pia kwamba ubao sasa unakwenda upesi, na kwamba mbele yetu kuna wanaume wengine wawili wanaweka majembe chini. Nikajiambia, tukifika kijitoni nitawaeleza. Kijitoni wakaongezeka watano, na mawe yalikuwa yanateleza; huwezi kumshangaza mtu akiwa juu ya jiwe lenye utelezi. Nikajiambia, tukishavuka. Tulipovuka, njia ilikuwa imejaa watu nyuma yangu, wanatembea kimya, na kila hatua niliyopiga ilifanya maneno yale yawe magumu zaidi kutamka. Shemeji alinigeukia mara moja kutoka mbele. Uso wake ulisema: haya ni yako.

Wakati huo habari zilikuwa zimeshatutangulia. Kwenye mabonde yetu mtu wa ng'ambo anaona njia yote, na watu wa ng'ambo walikaa wakafikiri. Njia ile mwisho wake ni nyumba mbili tu, ya mama wa juu na yangu. Mama wa juu alionekana uani kwake, mzima. Mke wangu alionekana kisimani. Aliyebaki ni mimi, na mimi sikuonekana, kama kawaida. Hakuna aliyepinga. Kifua kilikuwa kimetangazwa vya kutosha.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye na mke wangu, ambaye hadi leo hajachoka kuyasimulia. Alikuwa anachambua maharage aliposikia kilio kutoka juu. Mama wa juu alikuwa anateremka ile ngazi ya udongo mbio, na sufuria lake kubwa la shughuli mkononi, analia jina langu. Nyuma yake wakaja wengine, na unga, na kuni, na ndoo za maji.

"Amekwenda kuchukua ubao," mke wangu akawaambia.

"Ndiyo, mwanangu, ndiyo," wakasema, wakamkalisha kwenye mkeka.

"Jamani, ni ubao! Ubao wa meza!"

Kila alipotaja ubao walizidi kumshika. Mmoja akamvua hereni. Wanaume wakatoa viti sebuleni wakavipanga uani, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na wapishi walihitaji paa, wakaingia bandani kwangu, wakainua fremu yangu ya wiki sita, wakaitoa nje chini ya upenu, wakawasha moto mahali pake.

Hayo ndiyo tuliyoyakuta. Tulipotokea kwenye uwanja kilio kilipanda, kikajaa mlima mzima. Mzigo ukashushwa taratibu, kwa heshima ambayo hakuna ubao uliowahi kupewa. Nikavua kofia ya koti.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama wa juu. Alikuwa analia, na alikuwa analia kweli. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Alinitazama, akalitazama shuka, akanitazama tena.

"Wewe," alisema. "Na huyu ni nani?"

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sababu ndilo neno lililokuja.

Hakuitikia.

"Ni meza," nikasema.

Kilio kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Mtu wa kabichi aliinama, akafungua kamba moja, akainua ncha ya shuka. Akalitazama jiliwa.

"Nimeacha kabichi zangu njiani," alisema, "kwa ajili ya ubao."

"Ubao mzuri lakini," akasema shemeji.

"Wewe nyamaza."

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ambaye ujanani aliwahi kutengeneza milango, alisogea mbele na fimbo yake.

"Uliona watu wanavua kofia?"

"Niliona, mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nilisema tukifika kijitoni nitawaambia."

"Mkafika?"

"Tulifika."

"Ukawaambia?"

"Mawe yalikuwa yanateleza."

Mimi nikatazama nyuso za watu ili nisimtazame yeye, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliwaona wote. Yule niliyemtumia unga badala ya kumzikia mama yake. Yule ambaye nilimtumia mke siku ya kuzikwa mtoto wake. Wote niliowahi kuwatumia habari za kifua walikuwa pale, wamelowa, wengine bila viatu. Hakuna hata mmoja aliyetuma kifua chake.

Aliyesema wa kwanza ni mke wangu. Alikuwa bado kwenye mkeka, ameshikwa mikono huku na huku.

"Si nilisema ubao?" alipiga kelele. "Si nilisema? Nirudishieni hereni zangu!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliomshika. Kikaenda kwa wapishi, kikarudi, kikawapata wale wa Mgwashi, wakakaa chini kabisa. Balozi alijitahidi kidogo, kisha naye akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Si wote waliocheka. Mtu wa kabichi alichelewa sana kujiunga. Mama wa juu hakujiunga kabisa. Alijifuta uso kwa pembe ya khanga, pande zote mbili, taratibu, kama mtu anayefuta meza.

Nikauliza, kwa unyenyekevu, kama watu wangependa kurudi na unga wao. Wapishi waliniangalia kana kwamba nimetukana. Kwanza, unga uliotoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi. Pili, ulishaingia kwenye maji.

"Basi na sisi tumalize yetu," akasema balozi. "Hiki kitu tumekibeba, hatuwezi kukiacha matopeni."

Wakauinua ubao wanaume wanane, bila kelele, wakaulaza juu ya fremu pale pale chini ya upenu. Balozi akafumba jicho moja akatazama kwa urefu.

"Miguu hii miwili mirefu."

"Nimeirefusha kwa ajili ya sakafu."

"Sakafu gani?"

"Ya bandani."

"Bandani kuna ugali," alisema, akatafuta mawe mawili bapa, akayaweka chini ya miguu mifupi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya meza yangu ya useremala ilikuwa kubeba ugali, maharage na kabichi. Kabichi zilikuwa za yule mwanaume. Mtu mmoja alikuwa amemfuatia tenga lake njiani, naye mwenyewe akasema liishie hapo hapo, hana nguvu tena ya kwenda sokoni. Walizunguka meza pande zote nne, wamesimama, na nafasi ikabaki. Ukubwa ulikuwa sawa. Hilo angalau nilikuwa nimepatia.

Moto ulipozimwa, wakairudisha fremu bandani, wakarudisha ubao juu yake. Nilitoboa matundu manane kwa keekee ya mkono, ubao hadi kwenye boriti, na kuna vigingi vinane nilivyokuwa nimevichonga wakati wa mvua za masika. Kila aliyebeba alidai kupiga kigingi chake. Mtu wa Mgwashi alipiga kimoja akakipasua, nikachonga kingine watu wakisubiri na kunipa ushauri. Mtu wa kabichi alipiga cha mwisho, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akinitazama mimi. Jiliwa likafungwa kwenye kona ya mkono wa kushoto. Kisha shemeji na wenzake wawili wakakaa juu ya meza, balozi akaniambia nisukume. Nikasukuma kwa bega. Nikasukuma tena kwa mguu ukiwa ukutani. Haikwenda popote.

Nikaweka pima maji. Kijipovu kilitangatanga kidogo, kikaja kusimama katikati, kikatulia.

"Ndiyo kitu pekee cha sawa katika nyumba hii," alisema balozi, akaaga.

Watu walipokwisha kuondoka mke wangu alikuwa amesimama uani, ameshika sufuria lile kubwa.

"La mama wa juu," alisema. "Ameondoka bila kula."

"Nitampelekea kesho."

"Nimelijaza chakula. Unampelekea sasa. Na kifua chako ukiache hapa."

Ngazi ile ya udongo ina vipandio kama arobaini. Sikuwa nimevipanda tangu siku ya mazishi. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umefunguka, bado kuna mwanga. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, anamenya karoti. Kaburi la mzee liko pembeni mwa uwanja, amelipandia maua mekundu kuzunguka. Nikatua sufuria chini, na nilipoinuka nikajikuta natazama kwangu.

Panaonekana pote. Sikuwa najua. Mlango wa banda, kigoda changu, rundo la takataka za randa. Hata mke wangu, niliona rangi ya khanga yake na niliona kwamba anajifanya hatutazami. Mtu akiinama pale uani, kutoka hapa unaona mpaka anachokifunga mkononi. Nilisimama karibu na kaburi nikapatazama kwa muda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilingoja. Hakuongeza kitu.

"Mama," nikasema, "siku ile ya mzee nilikosa. Na leo nimekosa tena. Sikuja na sababu yoyote."

Alimaliza karoti aliyokuwa nayo. Akafunua sufuria, akatazama ndani, akanusa, akafunika. Kisha akanisogezea kigoda cha pili kwa mguu.

"Wewe nimeshakulilia leo, nimemaliza," alisema. "Siku ukifa kweli, nitakuja kula tu."